Mchana kwa Wachina: dim sum au Sichuan?

Mla_Mchana: Wakuu salaam. Mtaani kwetu kuna migahawa miwili ya Wachina wenyewe, menyu yenyewe ukutani ni Kichina. Mmoja wa Kikanton, wa kusini mwa China, wana dim sum, vile vitafunwa vidogo vya mvuke. Mwingine wa Sichuan, jimbo la mapishi ya pilipili. Jumamosi nina wageni wa mchana. Niwapeleke upi?

Kijiko Kirefu: Mkuu, hujasema kitu. Wageni wangapi? Saa ngapi? Pilipili wanaiweza? Nguruwe wanakula?

Binti Ukwaju: Dim sum, usijiulize mara mbili. Vikapu vidogo vidogo vya mvuke, kila mtu anaonja kila kitu, chai haikatiki. Sichuan mkikosea kuagiza meza nzima inatoka machozi.

Mzee wa Supu: Binti, dim sum ni ya kuwahi. Siku moja nilimpeleka shemeji, tukaingia saa nane na nusu. Viti vimeshapandishwa juu ya meza, kijana anadeki. Tukaambiwa kaeni, vipo. Vikaja: har gow, vile vifurushi vya unga vyenye kamba ndani, ngozi imekauka kingoni, imegandia karatasi ya chini. Ukiinua kwa vijiti inachanika, kamba anabaki kikapuni. Siu mai, vifurushi vya nyama, nje ya moto, ndani baridi. Nikafunua kifuniko cha birika nikakilaza pembeni, maana ndivyo wanavyoomba kuongezewa chai. Likakaa wazi mpaka tunalipa. Na bili ilikuja kamili!

Kijiko Kirefu: Pole mzee, lakini hiyo kesi ni ya saa, dim sum umeisingizia.

Ulimi Ganzi: Watu wanaiogopa Sichuan bure. Huajiao, kiungo chao maarufu, hata si pilipili, ni maganda ya tunda la mti wa ukoo wa michungwa. Haichomi, inatia ganzi mdomoni. Na si kila sahani ni nyekundu. Agiza nyanya kwa mayai, mtoto anakula.

Mla_Mchana: Samahanini, ni mama mkwe na mdogo wake. Nguruwe hawagusi kabisa.

Kijiko Kirefu: Sasa ndiyo unasema! Siu mai ina nguruwe, char siu ni nguruwe mwenyewe, na unga wa har gow wapishi wengi huutia mafuta yake. Mapo tofu ya Sichuan, jibini la soya kwenye mchuzi wa pilipili, nayo ina nyama ya kusaga, uliza ni ya mnyama gani.

Tambi Ndefu: Kwa hao tafuta tambi za mji wa Lanzhou. Ni chakula cha Waislamu wa Kihui, kabila la huko China, supu ya ng'ombe, tambi zinavutwa kwa mkono unaona.

Mla_Mchana: Mkuu, nimesema ni miwili tu.

Mama Presha: Na ule unga wao wa ladha, MSG? Mimi nikila tu, kichwa.

Ulimi Ganzi: Dada, ule aliutenga Mjapani, Kikunae Ikeda, mwaka 1908. Hofu ilienea baada ya barua moja kwenye jarida la madaktari Marekani mwaka 1968. Watu wakipewa bila kujua wamepewa, hayo maumivu hayaonekani kwa uhakika.

Mama Presha: Kichwa changu hakisomi majarida.

Mzee wa Supu: Nyanya zina ladha hiyohiyo kiasili, nazo umeacha?

Mla_Mchana: Jamani, mama mkwe! Akiomba uma watamshangaa?

Binti Ukwaju: Uma wanazo. Asichomeke tu vijiti wima kwenye wali, kwao hiyo ni ya wafu.

Mama Presha: Na ile chai, inapandisha presha?