Re: Marree hadi Birdsville baada ya mafuriko: "imefunguliwa" maana yake nini?

Kutoka: Adelaide

Wanajumuiya, hamjambo. Familia mbili hapa Australia Kusini tunapanga kwenda Birdsville, mji mdogo wa Queensland, kwa Toyota Prado mbili kupitia Marree, ambako njia ya udongo ya Birdsville inaanzia. Kwenye ramani ya barabara ile njia si nyekundu (yaani imefungwa) tena. Hiyo inatosha? Na upepo wa tairi tuweke kiasi gani?

Kutoka: Port Augusta (fundi)

Hatujambo dada. Haitoshi. "Imefunguliwa" maana yake njia inapitika, siyo kwamba mashimo yamefukiwa. Gusa kipande chenyewe kwenye ramani usome maandishi: huenda ni kwa 4x4 tu, au kuna kikomo cha uzito. Asubuhi ya kuondoka piga 1300 361 033. Ukivuka kuingia Queensland ni 13 19 40. Mkifika Marree ulizeni tena, maana mvua ya milimita chache usiku mmoja inatosha kuifunga upya.

Njia yote ni kilomita 517. Mafuta yapo Marree, halafu Mungerannie baada ya kilomita 200 hivi, kisha hakuna kitu mpaka Birdsville, 300 na ushee. Kwenye matope na gia nzito gari linakunywa sana, kwa hiyo kila gari libebe dumu la lita 20 juu ya tangi lililojaa. Spea mbili kwa kila gari, siyo moja. Mawe ya Sturt Stony Desert, jangwa la mawe njiani, yanachana ubavu wa tairi. Mkiacha lami shusheni hadi psi 28 hivi mbele na 30 nyuma kama mmepakia, mwendo usizidi 80. Kwenye matope shukeni hadi 20, mwende taratibu, mkitoka mjaze tena. Asiye na pampu ya kujazia asishushe kabisa.

Sasa, matope yanakwamisha tu. Kinachovunja gari baada ya mafuriko ni ukingo wa drifti (pale barabara inapovuka kijito bila daraja). Maji yanachimba pale sehemu ngumu inapokutana na udongo, yanaacha ngazi ya sentimita 20 au 30, wima. Kwa mbali, hasa jua likiwa usoni, unaona barabara tambarare. Ukiipiga kwa 80 kinaanza rimu, kinafuata shokapu. Ukiona tu nguzo za vipimo vya maji, shuka hadi 40 hata kama mbele kunaonekana kweupe.

Kutoka: Longreach

Fundi kasema, mimi naongeza maji. Msiangalie anga. Mvua kubwa iliyopiga magharibi ya Queensland mwishoni mwa Machi 2025 ilichukua wiki nyingi kuteremka hadi Kati Thanda (Ziwa Eyre). Huko chini jua linawaka na mto unapanda. Njia yenu inakatwa na mto Cooper kabla ya Mungerannie. Cooper ikijaa watu wanavushwa kwa pantoni, magari machache kwa safari, kwa hiyo ulizeni kwanza kama inafanya kazi.

Nguzo ya vipimo inahesabu kutoka uso wa barabara. Kama maji yameula uso huo, nguzo inasema nusu mita na wewe unazama mita moja. Chuo Kikuu cha New South Wales kilijaribu mwaka 2016: gari dogo lilisukumwa na maji ya sentimita 15 yanayokwenda mwendo wa mtu anayetembea, na Nissan Patrol, 4x4 kubwa, likayumbishwa kwenye sentimita 45. Maji yanayotembea hayavukwi, subirini.

Yaliyotuama, mtu atangulie kwa miguu na fimbo (huko kwenu sawa, kaskazini kwenye mamba, usithubutu). Difu (kifaa cha gia kwenye ekseli) lipoe kwanza: likiingia maji baridi likiwa la moto, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia sili. Turubai mbele ya grili, gia nzito (low range) namba mbili, na usikanyage klachi katikati.

Mkipita Birdsville kuendelea mashariki mtakuta udongo mweusi, ndugu wa ule wa mbuga zetu. Ukilowa unashindilia kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Dawa yake ni siku mbili za jua, siyo nguvu za injini.

Maji ya kunywa lita 10 kwa mtu kwa siku, redio ya UHF kwenye chaneli 40, na kifaa cha dharura cha 406 MHz kilichosajiliwa AMSA, mamlaka ya usalama wa baharini ya Australia. Usajili ni bure.

Kutoka: Adelaide

Asanteni kaka zangu. Prado moja ni ya kukodi, inabadilisha kitu?

Kutoka: Port Augusta (fundi)

Dada, hilo lilikuwa la kusema mwanzo! Soma mkataba leo. Mingi inakataza barabara zisizo na lami, na hata unaoruhusu mara nyingi haufidii uharibifu wa maji wala wa chini ya gari. Pata ruhusa ya maandishi yenye jina la njia, la sivyo nendeni na moja.

Ile yenu wenyewe, mkirudi, fungueni boliti ya kujazia oili ya difu mchungulie. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Mwageni siku hiyohiyo kabla beringi hazijaliwa. Rejeta isafisheni kwa maji ya nguvu ndogo kutokea upande wa injini, maana ukipiga kwa mbele mbegu za nyasi zinazidi kuzama ndani.