Choo kinavuja nyumbani Tabora: pima kwanza, ndipo utume hela

Kaka, bili ya maji ikiruka ghafla na nyumbani Isevya wamebaki wazee tu, usikimbilie kutuma hela ya tangi jipya la choo. Mara nyingi kilichokufa ni mpira mmoja wa bei ndogo, na kijana aliyeko pale anaweza kuutambua ukimwelekeza kwa simu ya video. Piga hesabu: maji yakichuruzika robo lita kwa dakika, kwa siku ni lita 360. Kwa mwezi ni karibu uniti 11, maana uniti moja ni lita 1,000. Na mchuruziko wa namna hiyo hausikiki hata ukilala chumba cha pili.

Mwambie aondoe kifuniko na akilaze sakafuni juu ya kitambaa, ni kauri ile. Tangi likijaa, afunge koki ndogo ya ukutani, achore mstari wa penseli ndani ya tangi usawa wa maji, watu wasikitumie choo kwa nusu saa. Maji yakishuka chini ya mstari na sakafu ni kavu, mpira wa chini, ule unaozuia maji yasiingie bakulini, hauzibi. Yakibaki palepale, afungue koki na atazame mdomo wa bomba la kumwagia maji ya ziada: kama maji yanaingia humo, tatizo ni valvu ya boya, ile inayofunga maji yanayoingia tangi likijaa. Akiwa bado na shaka, arudie kipimo cha kwanza akiwa ametia tangini strungi nzito au rangi ya chakula. Rangi ikionekana bakulini huku koki imefungwa, ni mpira wa chini.

Kwa choo cha kubonyeza, mpira huo uko chini ya mnara wa plastiki wa katikati. Funga koki, flashi, halafu shika mnara, uzungushe kinyume cha saa robo duara na uuvute juu. Utaona mpira wa duara. Upitishe kidole: ukiwa na mfereji, umevimba au umelegea, haufai tena. Ukiwa mzima, pengine kuna mchanga au ukoko pale unapokalia. Sugua kwa kitambaa chenye siki. Msasa au kisu usiguse kabisa, kwa sababu mkwaruzo mmoja kwenye plastiki utavujisha hata mpira mpya. Mpira wa zamani aende nao dukani walinganishe, kwani tofauti ya milimita chache inatosha kukataa kuziba. Kabla ya kununua chochote, aangalie pia kama kitufe hakiugandamizi mnara kifuniko kikirudishwa. Kama kuvuja kunakoma kifuniko kikitolewa, punguza urefu wa kijiti cha kitufe, basi.

Valvu ya boya nayo husumbua Tabora. Maji yanapaswa kusimama kama sentimita 2.5 chini ya mdomo wa bomba la ziada. Skrubu ya boya ndiyo inayorekebisha. Ukiinua boya kwa mkono hadi mwisho na maji bado yanapita, ndani kuna uchafu au washa (kipande kidogo cha mpira kinachoziba) imelika. Maji yakirudi baada ya mgao, yale ya kwanza hubeba tope, kwa hiyo wafungue bomba la uani mpaka yawe meupe ndipo wafungue koki ya choo. Kusafisha valvu: funga koki, toa kofia yake, funika kwa kikombe kilichopinduliwa, fungua koki sekunde 10, funga, rudisha.

Halafu kuna presha. Simtanki iliyo kwenye mnara wa mita 3 inatoa presha ya takriban baa 0.3 tu, wakati bomba la mtaani usiku linaweza kuwa na nguvu mara kadhaa ya hiyo. Fundi akiweka valvu ya tundu pana ili tangi lijae haraka kutoka simtanki, siku maji ya mtaani yakiingia moja kwa moja boya linashindwa kufunga. Nyumba yenye njia zote mbili, choo kiungwe kwenye simtanki peke yake.

Akifunga valvu mpya, washa ya mpira ikae ndani ya tangi na nati nje. Akaze kwa mkono, kisha spana robo mzunguko, asizidishe. Thredi tepu ni ya nyuzi za chuma za koki, si ya pale mpira unapoziba.

—

Dada, asante sana. Naongeza ya Kigoma. Maji ya Ziwa Tanganyika yana alikali na madini, hivyo ukoko hujijenga kwenye valvu na chini ya mpira. Walioko Mwanga na Ujiji walowanishe vipande vya plastiki kwenye siki saa nzima kabla ya kuvitupa. Mpira usipakwe mawese wala mafuta ya mgando, utavimba. Vidonge vya klorini navyo visiwekwe ndani ya tangi, vinaula mpira.

Matangi ya zamani ya mkono au mnyororo yana sifoni, kifaa kinachonyonya maji na kuyamwaga bakulini. Yakihitaji kuvutwa mara tatu ndipo yamwage, karatasi ya plastiki ndani ya sifoni imechanika. Inakatwa nyingine kwa nailoni nzito, umbo lilelile, na inafanya kazi.

Na wenzangu mlioko Marekani, msinunue valvu huko mkaifunga kwenye begi. Nyuzi za valvu za huko ni inchi 7/8, nyumbani tunatumia nusu inchi, haziungani. Tumeni hela ya kipande baada ya kuona picha ya cha zamani kikiwa kando ya rula.