Mjadala: Watoto waelezwe habari za kubalehe wakiwa gredi ya 4, au tungoje gredi ya 7?

Mama Kati, Donholm

Wazazi wenzangu, nauliza na nataka majibu ya kweli, si ya kunifariji.

Msichana wangu ana miaka 10. Majuzi nilikuwa nafagia uvunguni mwa kitanda chake nikakuta beseni limefunikwa kwa gazeti. Ndani mna chupi tatu zimelowekwa kwa Jik mpaka kitambaa kimeanza kuchanika. Nikamngoja atoke shule. Alipoliona lile beseni mezani hakulia. Aliniuliza tu kama nitampeleka hospitali au atafia nyumbani. Miezi mitatu amekaa na jambo hilo peke yake. Alidhani ni siku ile walipokuwa wakicheza mchezo wa kati, mpira ukampiga tumbo, kwamba umevunja kitu huko ndani. Kumbe ndiyo sababu aliacha kucheza, na mimi nikimsuta kwa uvivu.

Mimi ndiye mama yake, na shule nimesoma. Nilikuwa nimejipangia kumweleza "akikua kidogo", maana nilijua habari za mfumo wa uzazi ziko kwenye Sayansi Jumuishi ya gredi ya 7. Mwili wake haukungoja silabasi.

Sasa, kwenye mkutano wa wazazi mwalimu mkuu alipendekeza nesi aje azungumze na gredi ya 4 na ya 5, wasichana na wavulana. Ukumbi ukawaka. Mzazi mmoja akasimama, "Elimu ya ngono haitaingia katika shule hii!" Makofi. Ajenda ikafungwa hapo hapo. Nami, mwenye beseni, nikanyamaza kimya.

Kwa hivyo nauliza: waelezwe lini, na nani?

Mzee wa Kanisa, Kahawa West

Pole mama, na umpe mtoto pole zangu. Lakini msiba wa nyumba moja usigeuzwe sera ya nchi.

Mwaka 2013 mawaziri wa elimu na wa afya wa Afrika Mashariki na Kusini walikutana Cape Town wakaahidi kuingiza elimu hii shuleni, Kenya ikiwemo. Uliulizwa? Mimi sikuulizwa. Habari ya hedhi ni ya mama na binti yake, dakika 10 jikoni mkichambua sukuma. Ukiipeleka darasani haitabaki hedhi. Leo pedi, kesho kondomu, kesho kutwa mtoto anaambiwa mwili ni wake, wazazi wakae kando. Halafu nani atafundisha? Kuna walimu ambao mimi singewaachia hata kuku wangu.

Mwalimu wa Junia, Kayole

Mzee, hiyo ya kuku imenifikia, na sitakubishia. Wako. Ila huyo wa kuku hupenda sana mtoto asiyejua lolote.

Mimi ndiye ninayefundisha hiyo mada ya gredi ya 7. Darasa langu lina watoto 68. Ukiandika "korodani" ubaoni kipindi kimeisha: wa nyuma wanacheka, wa mbele wameinamia madawati. Muhula uliopita nikachukua kasha la viatu, nikalitoboa tundu juu, nikawaambia kila mtu aandike swali bila jina. Nilitarajia uchafu. Nikaenda kuyasomea nyumbani ili nichuje.

Mengi yalikuwa ya woga. Mvulana: "Chuchu zangu zimefura na kuna kitu kigumu ndani, nitageuka msichana?" Msichana: "Titi moja limetoka na lingine halijatoka, ni kansa?" Mvulana mwingine: "Naamka nimelowa lakini si mkojo. Nimerogwa?" Huyo alikuwa ameandika kwa mkono wa kushoto ili nisiujue mwandiko, unaona kabisa. Hakuna hata mmoja aliyeuliza ngono inafanywaje. Hilo wanadhani washajua. Simu imewafunza, na imewafunza vibaya.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Niyajibu hayo matatu kwanza, huenda kuna mtoto anayasoma haya kwa simu ya mamake. Kijana mwenye chuchu zilizofura: hugeuki msichana. Karibu nusu ya wavulana hupitia hilo wakati wa kubalehe, na kwa wengi huisha lenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Binti mwenye titi moja: lingine liko njiani. Na wewe wa kulowa, hizo ni ndoto nyevu. Mwili umeanza kutengeneza manii. Hujarogwa.

Sasa wazazi. Kubalehe hakuanzii huko chini mnakokuogopa, kunaanzia kichwani. Kuna sehemu ndogo ya ubongo, haipothalamasi, iliyokuwa imenyamaza tangu utotoni. Saa yake ikifika huanza kutoa homoni kwa mapigo, mwanzoni zaidi usiku mtoto akiwa amelala. Tezi ya pituitari iliyo chini yake inaitika, nayo inaamsha ovari za msichana au korodani za mvulana. Kwa msichana mabadiliko huanza kati ya miaka 8 na 13, kwa mvulana kati ya 9 na 14. Na damu si dalili ya kwanza! Ya kwanza kwa wasichana wengi ni kifundo kidogo nyuma ya chuchu, kinachouma akigongwa. Hedhi hufuata kama miaka miwili au miwili na nusu baadaye. Mvulana huanza kwa korodani kukua, na kwa kuwa hakuna anayeziona, mnadhani bado ni mtoto mpaka siku sauti inapokwaruza.

Piga hesabu, Mama Kati. Kama binti yako ameona damu akikaribia 10, basi kengele ya kwanza ililia akiwa na miaka 8 hivi. Hiyo ni gredi ya 3. Wewe unauliza kama gredi ya 4 ni mapema.

La mwisho, kwa sababu wazazi huniuliza kila wiki: miaka ya kwanza hedhi haina ratiba, mara siku 21, mara 45. Msikimbilie kumshuku mtoto. Wa kuletwa kwa daktari ni msichana aliyeanza dalili kabla ya miaka 8 au mvulana kabla ya 9, msichana wa 13 asiye na dalili ya matiti, mvulana wa 14 asiye na dalili yoyote, na msichana aliyefika 15 bila kuona hedhi.

Mama wa South C

Mzee wa Kanisa, shikamoo. Mimi ni mtu wa Mombasa, Nairobi nimeletwa na ndoa, na huu mjadala wenu wanishangaza kidogo. Sisi mambo haya twafunzwa chuoni, yaani madrasa, tukiwa wadogo, kwa sababu ibada zayategemea. Akibalehe mtoto, swala na saumu zishamlazimu. Atajuaje kuwa amebalehe kama hajaambiwa? Lazima ajue siku ambazo haswali, ajue kuoga janaba, ajue kuwa saumu atailipa na swala hailipi. Vitabu vya fiqhi, yaani sheria za dini, tuvisomavyo vyataja miaka tisa ya mwezi mwandamo kuwa ndio umri mdogo kabisa wa hedhi. Yaani wanazuoni wa karne hizo walishaifanya hesabu ya nesi, na hakuna aliyewaambia waleta elimu ya ngono.

Shangazi yangu alikuwa somo wa mtaa mzima, yaani mfunzi wa wasichana wanaobalehe. Hakuwa na haya ya kutaja kiungo kwa jina lake. Haya yake ilikuwa ya kupaza sauti.

Ila nisijisifu sana. Wavulana wetu tuliwaachia ustadhi, na ustadhi ule ukurasa aliupita mbio.

Kijana wa Umoja

Mnaongea kuhusu wavulana kama hatuko hapa.

Mimi nilipashwa tohara Desemba baada ya darasa la 8. Wiki mbili nimevaa leso, wajomba wanapishana mlangoni na ushauri. Usirudi jikoni kwa mamako. Usilie tena. Wewe ni mwanaume sasa. Mmoja akaniambia nitafute msichana "nipanguse vumbi", na wote wakacheka, pamoja na mmoja ambaye ni shemasi. Hakuna aliyesema lolote kuhusu mwili wenyewe. Mwezi wa pili nikaanza kuamka nimelowa. Nikaona hii ni kisonono, na sijamgusa mtu! Nikaenda duka la dawa nikauziwa kapsuli za rangi mbili kwa shilingi 50. Muuzaji hakuniuliza swali hata moja. Nikazimeza zote.

Hiyo ndiyo elimu tuliyopewa nyumbani, mzee. Dakika 10 jikoni sikuzipata, nilikuwa nimeshakatazwa jikoni.

Mzee wa Kanisa, Kahawa West

Kijana, huyo mjomba alikukosea, na shemasi zaidi. Nimeaibika kwa niaba yao.

Lakini tuangalie na takwimu za serikali yenyewe. Mwaka 2014, asilimia 18 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kushika mimba. Mwaka 2022 ni asilimia 15. Imeshuka, na nesi wenu wa gredi ya 4 hajaingia mlangoni.

Mwalimu wa Junia, Kayole

Imeshuka, kweli, na asante kwa kuitaja yote miwili. Ila ukurasa huo huo una Samburu, ambako ni asilimia 50. Wasichana wawili, mmoja keshapata mimba. Huko nako kuna wazazi na kuna jikoni. Na mwongozo wa UNESCO, shirika la elimu la Umoja wa Mataifa, wa 2018, uliokusanya tafiti za nchi nyingi, ulisema elimu hii haimfanyi mtoto aanze ngono mapema.

Mzee wa Kanisa, Kahawa West

Mpishi amekionja chakula chake akasema kimekolea.

Mwalimu wa Junia, Kayole

Haya, hilo nakuachia. Lakini sheria ya pedi ya 2017 ni ya Bunge letu wenyewe: kila msichana aliyebalehe katika shule ya umma apewe pedi bure. Shule niliyokuwa zamani katoni ilifika. Ikafungiwa ofisini na ufunguo akashika naibu, mwanaume wa miaka hamsini na kitu. Msichana ili apate pedi ilimbidi asimame mbele ya yule mzee aseme. Asemeje neno ambalo hajawahi kulisikia mtu mzima akilitamka? Katoni ilikaa mpaka ikapata panya. Kitu tulileta, maneno hatukuleta.

Dani wa Kibra

Nimesomewa haya na mjukuu, naye anaandika ninavyosema.

Kwetu Waluo wasichana walilala siwindhe, nyumba ya nyanya. Usiku ndio ulikuwa darasa. Hadithi, vitendawili, halafu taa ikizimwa mnaambiwa yale ya mwili, na mnaambiwa mvulana akikuja na maneno matamu ujibuje. Mama mzazi hakuhusika kabisa, ilikuwa aibu. Kwa hivyo mkisema "mila yetu ni mama na binti" mimi sijui ni mila ya wapi.

Sasa nyumba ni futi 10 kwa 10. Pazia katikati. Watoto wako upande huu, wazazi upande ule. Mnataka kuwaficha nini?

Wakili wa Ngara

Fupi. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inasema aliye chini ya miaka 18 hawezi kukubali ngono, na anayemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini anafungwa maisha. Sheria kali. Halafu mtoto anafika kutoa ushahidi na neno alilonalo ni "nanihii". "Alinishika kwa nanihii." Mjaribu kuona wakili wa utetezi anavyolitumia hilo neno moja kwa nusu saa nzima.

Mzee wa Kanisa, Kahawa West

Nimekaa na haya siku mbili. Dani amenijibu kuliko nyote.

Nakubali hili: mtoto wa gredi ya 4 aambiwe mwili wake utabadilika vipi, na viungo vitajwe kwa majina. Wavulana pia. Kwa masharti. Wazazi wanaotaka wakae mle darasani, kiti cha nyuma, wasikie kila neno. Daftari linalotumika liletwe kwanza kwenye mkutano tulisome. Na habari za kondomu na sindano za kuzuia mimba zisikaribie shule ya msingi wala junia.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Masharti mawili ya kwanza nayapenda kuliko unavyofikiri, mzazi aliyekaa nyuma ataenda kuendeleza nyumbani. La tatu sikubali. Wiki iliyopita leba nimempokea mtoto wa miaka 14, gredi ya 8, amekuja na begi la shule. Junia ni watoto wa 12 mpaka 14. Unasema wasisikie, na wengine wameshafika kwangu.

Mzee wa Kanisa, Kahawa West

Hapo mimi na wewe tutakesha, mwanangu.

Mama wa South C

Kesheni, mimi nawapikia chai. Lakini msilifunge la gredi ya 4 kwa sababu ya la gredi ya 8.

Mama Kati, Donholm

Ndicho nilichofanya. Nimeandika barua kwa mwenyekiti wa wazazi, nimeyaweka masharti mawili ya mzee kama yalivyo, na neno "ngono" halimo hata mara moja. Nimepata sahihi tisa. Ajenda inarudi muhula ujao.

Na binti amerudi kucheza kati. Jana nilikuwa naanika nguo nikamsikia kwenye ngazi anawaeleza wenzake watatu, amekunja leso kwa mfano wa pedi, anawaonyesha upande wa gundi uko wapi. Mmoja akauliza kama inauma. Akasema tumbo tu, kidogo, unaweza hata kukimbia.

Yule aliyeuliza ni mtoto wa mzazi aliyesimama ukumbini. Sijaamua kama nimwambie mamake.