Uwanja wa kumpumzisha mwanafunzi akili: tupande nini, na wapi?

Swali (mwalimu wa malezi, Moshi)
Ndugu zangu, nawasalimu. Wazazi wa shule yetu ya sekondari wamechanga fedha kidogo za kuboresha uwanja. Bodi inapendekeza sehemu yote iliyo kati ya madarasa isakafiwe kwa saruji ili kuondoa vumbi la kiangazi, lakini mimi, ninayewapokea kila wiki watoto wa kidato cha nne waliochoka akili, naona wanahitaji zaidi mahali pa kutulia. Tupande nini, na wapi?

Jibu (mzazi na mbunifu wa bustani, Arusha)
Mwalimu, anzeni na madirisha. Mwaka 2016 watafiti Dongying Li na William Sullivan walichapisha matokeo ya kuwapima wanafunzi 94 wa shule tano za sekondari huko Illinois, Marekani: baada ya mapumziko ya dakika 10, waliokaa katika vyumba ambavyo madirisha yake yanatazama miti na majani walirudiwa na umakini kuliko waliotazama majengo na waliokosa madirisha kabisa. Kwa hiyo mti mmoja unaoonekana kutoka darasani ni bora kuliko bustani nzima iliyofichwa nyuma ya ofisi. Pandeni miringaringa masika yanapoanza mwezi Machi, na chini yake ukoka, ambao utalishika vumbi bila kutunza joto kama saruji. Mikaratusi msiiguse, inakunywa maji mno.

Jibu (mwalimu mstaafu, Marangu)
Nakubaliana na aliyetangulia. Hata hivyo, katika shule nilizofundisha, aliyechelewa paredi alitumwa kufyeka majani bustanini, nasi tukaamini kwamba tunamfundisha kazi. Mtoto aliyepigishwa magoti chini ya mti hawezi kupumzika chini ya mti huohuo, na ninasikitika kwamba nililitambua hilo nikiwa nimekwisha kustaafu. Bustani hiyo isiwe mahali pa adhabu hata siku moja. Uzio wake uwe wa masale, ambayo sisi Wachaga huyatumia kuombea msamaha, kwa kuwa watoto wengi wa huku wanaijua maana yake tangu nyumbani. Wekeni pia benchi fupi za mtu mmoja, kwani si kila mwenye huzuni anataka mwenzake.

Muulizaji
Shikamoo, mwalimu. Nawashukuru nyote wawili. Nimetazama leo kutoka madirisha ya kidato cha nne, na nafasi ya miringaringa mitatu ipo. Suala la adhabu nitalifikisha kwenye kikao cha walimu kabla ya kuchimba shimo la kwanza.