Naomba ushauri: kompyuta ya kuchezea DOOM: The Dark Ages

Wakuu, habari zenu. Gemu la DOOM nalicheza tangu lile la 2016, na hili la Mei 2025 nimelitamani kupita kiasi. Tatizo ni mashine. Nina kompyuta ya mezani ya mtumba niliyochukua Kariakoo: prosesa i5-4590, RAM GB 16, kadi ya picha ya GTX 1050 Ti ya GB 4.

Gemu linataka kuanzia RTX 2060 Super au RX 6600, yaani kadi yenye GB 8, pamoja na prosesa ya koa 8 (viini vya kufanyia kazi) na nafasi ya GB 100 kwenye SSD ya NVMe, ile diski ya kasi. Ile ray tracing, yaani kukokotoa miale ya mwanga kwenye picha, huwezi kuizima, kwa hiyo kushusha ubora wa picha hakusaidii kama kadi haina uwezo huo.

Jana nimefungua boksi. Pawa saplai imeandikwa wati 290, na sijaona waya wowote wa kulisha kadi kubwa. RX 6600 peke yake inakula hadi wati 132! Halafu waya mkuu wa mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) una pini 8 badala ya 24, kwa hiyo pawa saplai ya kawaida haichomeki.

Nina laki nane. Niiuze hii nianze upya na prosesa ya Ryzen 5 5600, au koa zake 6 zitanikwamisha? Na kwa mliowahi kununua kadi ya mtumba, mnaijaribuje pale dukani kabla ya kutoa hela? Hizi hela nimezikusanya miezi mingi, naogopa sana kukosea.