Zawadi ya baba mkwe: Kümmel ya kawaida, ya pipa, au Linie?

mkwe_hamburg: Wakuu, habari za majukumu. Jumamosi baba mkwe anatimiza miaka 70 na mimi nimepewa kazi ya chupa. Huku Hamburg wazee wanapenda pombe kali ya kisibiti, Kümmel. Nimebaki na tatu: Helbing ya kawaida, moja ya kiwanda kidogo iliyolazwa kwenye pipa la mwaloni, na Linie ya Norway, ambayo ni akvaviti, pombe kali ya kisibiti ya kule Skandinavia. Nichukue ipi?

Nyuki77: Bajeti? Na mzee anainywa vipi, ya baridi na bia, au taratibu baada ya chakula? Bila hayo tutakubahatishia tu.

Mama_Altona: Hiyo ya pipa ni chapa gani? Pipa lilikuwa na nini kabla? "Kiwanda kidogo" ni maneno ya muuzaji.

Tembo_wa_Kiel: Helbing, fungeni uzi. Ni ya Hamburg tangu 1836, asilimia 35, haifiki euro 20. Itie friza mpaka iwe nzito kama mafuta ya nazi yanayoanza kuganda, shoti moja, bia ndogo pembeni. Ukimpelekea ya Norway atakushukuru kwa adabu tu.

mzee_baharia: Vijana msidharau Linie. Mapipa yaliyowahi kubeba sheri ya oloroso, ile divai kali ya Hispania, yanapakiwa melini, yanakwenda Australia na kurudi, ikweta wanaivuka mara mbili. Ilianza 1805: meli ilitoka Trondheim na akvaviti kwenda Batavia (Jakarta ya leo), mzigo haukununulika, ukarudi nyumbani. Kuonja, wakakuta imelainika. Shika chupa uangalie kupitia kwenye kinywaji chenyewe: nyuma ya lebo ya mbele wamechapa jina la meli na tarehe za safari.

Tembo_wa_Kiel: Biashara hiyo. Pipa lingekaa bandarini lingefanya kazi ileile.

mzee_baharia: Joto likipanda na kushuka pombe inaingia na kutoka kwenye mbao, na mawimbi yanaitikisa usiku na mchana. Baki na bandari yako.

Mama_Altona: Ngoja niwasimulie kuhusu "ya pipa". Mwaka juzi niliagiza akvaviti mtandaoni, duka silitaji. Kwenye picha ina rangi ya asali, na maelezo yote ni mapipa, mababu na mitungi ya shaba. Ikafika. Mume wangu akamimina, akanusa, akanisogezea glasi bila kusema neno. Utamu mtupu, kisibiti huisikii, koo linawaka. Nikavaa miwani nikasoma lebo ya nyuma: chini kabisa, kwa herufi za kuumiza macho, "mit Farbstoff", yaani wametia rangi, na rangi yenyewe ni karameli. Muda wa pipani haukutajwa popote. Nikawaandikia, wakajibu chupa ikishafunguliwa hairudishwi. Ikaishia jikoni kwenye kabichi. Kwa hiyo mkwe, kabla hujalipa soma mgongo wa chupa: rangi imetiwa? Imekaa pipani miezi mingapi? Aliyeandikwa ndiye aliyepika, au amejaza chupa tu?

Nyuki77: Naongezea. Kisibiti kinalowekwa kwenye spiriti ya nafaka au viazi, halafu inakenekwa upya pamoja nacho. Harufu inatoka kwenye mafuta ya mbegu, hasa kitu kinachoitwa karvoni. Ikikaa sana kwenye pipa jipya, vanila inameza kisibiti chote; pipa lililokwishatumika lina upole. Ya pipa usiitie friza, baridi inaua kile ulicholipia. Na Helbing kisheria si akvaviti, Umoja wa Ulaya unataka akvaviti ianzie asilimia 37.5.

pwani_tu: Kisibiti kile cha pilau?

Mama_Altona: Cha pilau ni bizari nyembamba. Kisibiti Wajerumani wanatia kwenye mkate na kabichi.

pwani_tu: Basi mnanunua gongo yenye viungo kwa euro.

Nyuki77: Tofauti ni kwamba wapishi hawa wanatenga matone ya kwanza na ya mwisho, wanachukua ya katikati. Mtaani nani atamwaga?

Kisumu_Jr: Kwetu Kenya sheria ya 2010 iliihalalisha chang'aa, gongo yetu, mradi iwe kwenye chupa yenye lebo. Ya jerikeni bado inakimbizana na polisi.

pwani_tu: Bibi yangu alisomesha watoto wanne kwa jerikeni hilo, muwe na heshima.

mkwe_hamburg: Samahani, nilikuwa kazini. Bajeti euro 40. Anainywa baada ya Grünkohl na soseji, ile sukumawiki yao ya majira ya baridi. Na mzee mwenyewe si wa hapa, ni wa Flensburg.

Tembo_wa_Kiel: Flensburg! Na unatuambia saa hizi? Mpe Bommerlunder, ya kwao kabisa, hadithi yake wanaianzia 1760.

mzee_baharia: Siku hizi haitengenezwi Flensburg, chapa ni mali ya kampuni ya Berentzen. Anaweza kununa.

Tembo_wa_Kiel: Atanuna akiwa anakunywa.

Nyuki77: Euro 40 inatosha ya pipa, ukitaja jina lake tukaangalie.

mkwe_hamburg: Jina silikumbuki, nitapiga picha kesho. Mke wangu amesoma uzi huu, anasema daktari amemwambia mzee apunguze sukari.

Mama_Altona: Basi hata Kümmel usichukue bila kusoma, nyingine ni likeri, zina sukari nyingi.

pwani_tu: Mama Altona, ile kabichi ilitokaje?

Mama_Altona: Nzuri kuliko pombe yenyewe. Njoo PM nikupe vipimo.