Mrejesho: Rufaa ya somo lisilo kwenye mtaala

Wakuu, niliuliza kama mwanafunzi wa uzamili anaweza kukatia rufaa somo alilofelishwa ilhali halimo kwenye mtaala ulioidhinishwa. Asanteni mlioniambia nianzie idarani, nisikimbilie TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania): wao huidhinisha programu, matokeo ni ya Seneti ya chuo.

Kamati ya rufaa ilitaka karatasi, si maneno. Nikaweka mezani fomu ya usajili yenye sahihi ya mratibu, pamoja na ukurasa wa mtaala usio na msimbo wa somo lile. Mjadala ukafa hapo.

Seneti imelifuta, nitasoma mbadala muhula ujao. Ada ya rufaa hairudi, eti ndio utaratibu! Kuzungushwa nimezungushwa, ila mkipeleka barua masjala hakikisheni nakala yenu inagongwa muhuri. Wangu ndio uliozima hadithi ya “barua haijafika”.